Kinyoya Kwenye Pindo

...na uvichemshe kabisa, wifi, usiviloweke tu, ndivyo alivyosema, amekaa sebuleni na mama yake, miguu juu ya stuli yangu, chai yangu mkononi, anaazima vifuko vilevile alivyoutangazia ukoo mzima kuwa ni vichafu, kisa sokoni siku hizi hawatoi mifuko ya plastiki, mwenye haya angebeba nyanya zake mikononi, lakini huyu haya alizaliwa nayo ikamdondoka njiani, haya basi, maji yanachemka, nageuza ndani nje kimoja kimoja, vifuko vyangu, nilivishona mwenyewe kwa pazia la wavu lililochanika, uzi mwekundu mdomoni kwa vya viazi na vitunguu, uzi wa kijani kwa vya vitu vya kuliwa vibichi, nyama haigusi hata kimoja, nyama ina kopo lake lenye kifuniko, na hakuna mtu wa nyumba hii asiyelijua hilo... "Wifi, umelala huko jikoni?" Sijalala, naosha, naosha huku nakuombea mabaya, maji yametoka meusi, vumbi la juu ya kabati, vimekaa huko tangu mama alazwe, mama mwenyewe ndiye aliyenikataza kuvishika, na hayo aliyasikia kwa nani kama si kwa binti yake, pale kwenye korido ya hospitali, mama ndani amewekewa dripu, tumbo limemkata usiku kucha, na wifi anapaza sauti mpaka manesi wanageuka, eti nilisema mimi, vile vitambaa vyake vya kutumia leo na kesho na keshokutwa, huyu mwanamke mchafu atatuua, mimi nimesimama na chupa ya chai, mume wangu ubavuni, nikamtazama aseme neno, anaujua mkono wangu, anajua ninavyosugua, akatazama viatu vyake, akavitazama kama ndiyo kwanza anaviona, nikamwonea huruma hata, nikasema amechanganyikiwa, ni mama yake... aa, nini hiki, kimenichoma kidole, kitu kigumu kwenye pindo la kifuko, nakisukuma kwa ukucha, kinatoka, kinyoya, kinyoya cha kuku, kifupi, shina lake lina damu iliyoganda, na uzi wa kifuko hiki ni wa kijani... taratibu, fikiri taratibu, kuku lini, kuku ilikuwa siku ya wageni wa wifi, alikwenda kuchukua kuku waliokwisha kuchinjwa, akaondoka na vifuko vyangu bila kuuliza, jioni nikavikuta vimeanikwa kambani, vikavu, nikashukuru, nikasema leo wifi amefua, kumbe amevimwagia maji tu, na kesho yake nikaosha nyanya na matango ya mama, nikavirudisha kwenye kifuko, nikakitundika kwenye bomba vichuruzike maji, ndivyo nifanyavyo siku zote, nikavikata vibichi, nikampelekea mwenyewe mezani, na akala akanisifu... Nimekupata. Nimekupata, wifi yangu, leo hiyo chai itakupalia. Kwanza nikupe hikihiki, kibichi, bila sabuni, jaza karoti zako, uone utamu wa kulala chooni, usiku kucha uombe ardhi ipasuke, lakini karoti za kwako anazitafuna mtoto kabla hamjafika nyumbani, yule anayeniita anti, anayelala mapajani mwangu akichoka, hapana, mtoto ana kosa gani, kioshe kwanza, mwanamke, kioshe, basi kinyoya nitakiweka kwenye kisahani chake, pembeni ya biskuti, niseme kwa sauti ya upole, wifi, hiki chako, ulikisahau kwenye kifuko cha nyanya siku ile, na mama aone, na nisubiri, hata kukaa sikai, nasimama nasubiri... wanacheka huko, anacheka nini, "...si unakumbuka, mama, kaka alivyonuna siku ile ya wageni, kuku wametuchuruzikia damu buti nzima ya gari, vifuko vyenyewe matundu matupu, kaka amepiga magoti anasugua, ananiambia, we, usije ukamwambia mke wangu, ataongea mpaka asubuhi..." na mama anacheka, anacheka na kikohozi, na yule anasimulia kwa raha zake, hajui hata anasimulia nini, mjinga, mjinga wa kelele tu... amepiga magoti. Anasugua. Basi mume wangu aliviona, alivitoa kwenye buti kwa mikono yake, uzi wa kijani anaujua, ni yeye aliyenishikia taa nikishona, na baada ya siku mbili tu tuko hospitali, mimi naitwa mchafu mbele ya manesi, na jibu lote analo yeye, liko mdomoni, akatazama viatu. Nami nikamwonea huruma. Maji yanaunguza vidole, yaache yaunguze... "Wifi, vifuko tayari?" "Bado vimelowa," nimesema, na sauti imetoka tulivu, sikuitegemea, "subiri vikauke, leo ukae ule nasi." "Haya, asante, wifi." Kinyoya nimekifuta, nimekiweka kwenye kiberiti kitupu, juu ya rafu, kikauke vizuri, jioni tutakula wote, mama katikati, na sahani ya mume wangu nitaifunika kama kawaida, afunue mwenyewe akikute kimelala pale peke yake, na viatu vyake nitakuwa nimeshavificha, nione leo atatazama nini.