Python Tatu za Shangazi Yusta

Shangazi yangu Yusta hajawahi kukataa zawadi. Mpelekee ndizi siku ambayo ana mkungu mzima jikoni, atazipokea kwa mikono miwili, atasema "hongea, hongea," yaani asante kwa Kishambaa, na utaondoka ukijiona umemwokoa na njaa. Kwa ndizi ni tabia nzuri sana. Kwa kompyuta ni balaa.

Balaa lenyewe nililikuta Alhamisi, nilipopanda kwenda kwake upande wa Irente. Mimi nina kibanda Lushoto mjini, natengeneza kompyuta na kuuza wino wa printa, na shangazi alikuwa amenipigia simu kwamba Python, ile lugha ya kuandikia programu, inamchanganya. Yeye ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Mwaka huu ameamua kujifunza kuandika programu, na kwa kuwa hawezi kujifunza kitu bila kumfundisha mtu mwingine, akawaomba majirani wamwachie binti zao Jumamosi asubuhi. Majirani wakamwachia Jumamosi moja, ya majaribio. Ulikuwa msimu wa kabichi na kila mkono ulihitajika shambani. Kama mabinti wangekaa tu kukodolea kioo cheusi, wasingerudi tena, na Jumamosi yenyewe ilikuwa keshokutwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza unywe chai. Kompyuta haina miguu, haitakimbia."

Mimi sina subira. Nilikunywa chai kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye kibodi, na nilipoona kilichomo nikapiga yowe. Zilikuwamo Python tatu. Ya kwanza aliiweka mwanawe Edgar alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam: lile furushi kubwa lenye kila kikorokoro cha wataalamu wa takwimu. Ya pili aliiweka Abubakari, mwalimu wa sekondari anayekaa nyumba ya chini, akiitoa kwenye duka la programu lililomo humo humo kwenye kompyuta. Ya tatu niliiweka mimi wakati wa Krismasi, kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na nasema bila haya kwamba yangu ndiyo ilikuwa nzuri.

"Shangazi, kwa nini hukuwaambia kwamba tayari unayo?"

"Mtu amekuja nyumbani kwangu, ameacha shughuli zake, ameniwekea kitu kwa mikono yake. Nimwambie nini? Kiondoe?"

Basi ikawa akiita Python, inaitika yoyote. Akiongeza kitu, kinaingia kwa moja. Akikihitaji, inajibu nyingine kwamba haikijui. Na wiki nzima shangazi wa watu alikuwa akidhani tatizo ni uzee wake. Hilo liliniuma kweli.

"Tunafuta hizo mbili, inabaki yangu," nikasema.

"Toa mkono hapo, Anord. Zawadi ya mtu haitupwi kwa siri."

Akampigia Edgar, akaweka spika. Salamu peke yake zilimaliza chai yangu: wajukuu, mvua, mguu wa mkwe, mbwa. Alipofika kwenye Python, Edgar akashtuka. "Mama, futa hizo nyingine! Yangu ina kila kitu!" Abubakari naye, aliyepigiwa baadaye, hakungoja hata simu ikatike. Akapanda mwenyewe, akabisha hodi huku anahema, "Shikamoo, mwalimu. Yangu ni kubonyeza mara moja tu, mara moja!" Nami nikamwambia hata mtego wa panya unabonyezwa mara moja. Edgar akapigiwa tena ili ashiriki, na tukawa watatu tunagombana, mmoja akiwa ndani ya simu.

Shangazi akatunyamazisha kwa Kishambaa. Kishambaa chake akikasirika hakitafsiriki.

"Nazifuta zote tatu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama yuko mbele ya darasa. "Wenyewe mmesikia, kwa hiyo sijamwibia mtu. Sasa kila mmoja ataniambia njia yake kwa mdomo. Mikono itakayogusa ni yangu. Njia nitakayoweza kuirudia kesho nikiwa peke yangu, ndiyo hiyo."

"Lakini shangazi, mimi nipo. Nitakuwekea hata kwenye kompyuta kuukuu za kibandani nitakazokuletea Jumamosi."

"Na siku umekwenda Korogwe?"

Nikasogeza mkono tena kwenye kibodi. Na kwa kuwa ananijua tangu natambaa, aliingia jikoni akarudi na beseni la njegere, akanipakatisha. "Menya. Ukishika njegere hutashika kompyuta." Abubakari akacheka sana, mpaka na yeye akasogezewa fungu lake.

Mtihani ukaanza. Njia ya Edgar ilikwama mapema. Mtandao wa upande ule husikiliza ukungu, ukishuka nao unapungua, na furushi lake lilikuwa zito. Ule mstari unaoonyesha kazi ilipofika ulisogea kidogo, ukalala. Njia ya Abubakari ilikuwa nyepesi kweli, lakini kompyuta ikadai akaunti, na akaunti ikadai nywila, na nywila aliitunga Abubakari mwenyewe siku ile na sasa haikumbuki. "Na wasichana nao wataleta akaunti kutoka wapi?" shangazi akauliza. Abubakari akaangalia njegere zake.

Ikaja zamu yangu. Nilimsomea amri, akaiandika bila kosa, ikakubali. Nilitaka kurukaruka. Kisha akauliza, "Neno hili la katikati linafanya nini?" Nikaeleza. Akauliza maana ya maelezo. Nikaeleza maelezo, sauti ikianza kupanda, mpaka njegere moja ikaniponyoka ikampiga Abubakari shavuni.

"Itafanya kazi," shangazi akasema kwa upole, "ila nitakuwa nimekariri. Nimefundisha hesabu miaka yote nikikataza kukariri."

Halafu akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: wenye Python yenyewe, wao wanasemaje? Nikamwambia wana tovuti yao, unapakua faili, unalibofya, unafuata maelekezo. Njia ya kila mtu. Hatukuitaja kwa sababu haina ujanja wowote wa kujisifia.

Akaifungua. Faili lilikuwa dogo, mtandao ukalivumilia. Dirisha la kwanza lilipotokea, mimi ningebofya kuendelea kabla halijamaliza kufunguka. Shangazi alivaa miwani akasoma kila neno kwa sauti, mpaka chini kabisa, kwenye kisanduku kidogo kinachouliza kama Python iongezwe kwenye njia za kompyuta.

"Hiki je?"

"Weka tiki," tukasema wote watatu, na hiyo ndiyo mara pekee tuliyokubaliana. Nikamwambia bila tiki hiyo, Python itakuwamo ndani lakini ukiiita kompyuta itasema haiifahamu.

"Kumbe ni kama mtu amehamia kijijini hajajitambulisha kwa mwenyekiti," akasema, akaweka tiki. Akaita Python. Ikaitika, moja tu.

"Mama, hiyo ni ya kawaida mno," Edgar akalalamika kwenye simu.

"Na mimi ni mwanafunzi wa kawaida, mwanangu."

Akalihifadhi lile faili kwenye flashi. Ijumaa alifuta kila kitu, akaiweka tena peke yake. Najua kwa sababu alinipigia dukani kusema "Imeitika," kisha akacheka mpaka na mteja wangu akaanza kucheka.

Jumamosi nilifika na kompyuta zangu kuukuu. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na sweta zao, wameshika mikono yao wasiguse kitu. Shangazi akawaonyesha Python ikifanya kazi kwenye kompyuta yake. Kisha, mbele ya macho yetu, akaifuta.

Nilisimama. "Shangazi! Ilikuwa inafanya kazi!"

"Anord, beseni lako lipo pale pembeni."

Nikaenda kukaa na njegere zangu. Akainua flashi juu. "Haya. Nani anakuja kuiweka?"

Aliyenyanyuka ni Fatuma, mtoto wa mzee Rajabu wa mtaa wa juu. Alisoma kila neno kwa sauti, wenzake wakimsaidia Kiingereza, na walipofika kwenye kisanduku ambacho mwalimu alikuwa amewaeleza, darasa zima likapiga kelele, "Tiki!". Ikaitika. Wakahamia kompyuta ya pili, mwingine akaweka, kisha ya tatu. Kelele zilikuwa za sokoni. Nilimenya njegere huku natabasamu kama mwehu, na sikugusa kibodi hata kidogo.

Mzee Rajabu alifika wakati Fatuma anamalizia programu yake ya kwanza, mistari miwili tu, mmoja wa kuuliza jina na mmoja wa kusalimia. Alisimama mlangoni na jembe begani. Gari la kabichi linakuja mchana, akasema, na muda wa kucheza umetosha. Fatuma akaandika jina haraka, akaigeuza kompyuta ikamtazama baba yake. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Shikamoo, Mzee Rajabu.

Kwetu huku shikamoo haiachwi hewani, hata uwe na hasira za namna gani. Mzee akasoma, midomo ikitembea.

"Marahaba," akasema.

Tulicheka wote, na yeye akajikuta anacheka, akashusha jembe. Kisha akauliza, "Nani amekiweka hiki kitu humo? Huyu wa mjini?" Akanielekezea kidevu.

"Mimi, baba. Ilikuwamo, mwalimu akaifuta, nikaiweka mwenyewe."

"Akaifuta?"

"Ili tuweze wenyewe."

Mzee Rajabu akamwangalia binti yake, halafu shangazi. Akaegemeza jembe ukutani. "Iambie iulize tena jina," akamwambia Fatuma, "uandike la mama yako." Akatafuta pa kukaa, akaona nafasi kwenye benchi langu.

Nikamsogezea beseni.