Ndoo Nyekundu Kwenye Foleni ya Majimbo

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na bila kumshauri mtu yeyote, ninalitangazia taifa kwamba usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa Mlinzi Mkuu wa Haki ya Kura katika Majimbo Yote. Begani nilivaa mshipi wa heshima. Kifuani nilikuwa na nishani kubwa inayong'aa.

Mshipi ulikuwa taulo langu la kuogea. Nishani ilikuwa kifuniko cha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya shule.

"Cheo hicho hakipo," sauti ikasema.

Aliyesema alikuwa sanduku la kura. Lilikuwa limekaa juu ya meza, la plastiki angavu, na tumboni mwake hamkuwa na kitu.

"Sasa mimi ni nani?" nikauliza.

"Raia."

"Raia tu?"

"Raia tu. Sisi wengine wote ni waajiriwa wako. Hebu ondoa hicho kifuniko, kinanimulika machoni."

Nikaliuliza macho yake yako wapi. Likaniambia nisibadilishe mada.

"Nina njaa," likaendelea. "Sijala tangu uchaguzi uliopita. Kituo hiki kinafungwa saa kumi na moja jioni. Kazi ya raia ni kuona kwamba kila aliye kwenye foleni anafika hapa kunilisha. Unaiweza?"

Nikapiga saluti. Nikatazama foleni. Haikuwa na mtu hata mmoja.

Ilikuwa foleni ya ndoo, mawe na kandambili.

Msomaji ambaye hajawahi kulala bwenini ataona ajabu. Sisi hatushangai. Shuleni kwetu foleni ya kuoga hupangwa na ndoo. Unaweka ndoo yako mbele ya mfereji wa bafuni, unarudi kitandani, na ndoo inakusimamia. Asiye na ndoo huweka jiwe. Hakuna sheria ya nchi inayoheshimiwa kama hiyo. Kuhamisha ndoo ya mtu ni sawa na kumhamisha yeye.

Mimi huwa nazihamisha.

Basi naiona ndoo nyekundu, ya kwanza kabisa mbele ya mlango wa kituo, imejaa maji hadi shingoni, imesimama kwa majivuno. Mikono yangu haingoji amri. Naibeba, naikimbiza, napita mawe, napita kandambili, naiweka mkiani. Maji hayamwagiki. Nacheka hadi mbavu zinauma.

"Kijana," ndoo ikasema, "unajua umeniweka jimbo gani?"

Sikujua. Kumbe foleni ile ilikuwa ndefu hata ikavuka mipaka. Kichwa chake kilikuwa katika jimbo moja, kiuno katika jimbo jingine, na mkia katika jimbo ambalo sikuwahi kulisoma kwenye Jiografia. Na kila jimbo lilikuwa na sheria zake za kupiga kura, ambazo lilizitunga likiwa limejifungia ndani.

Papo hapo mama mmoja akaja akiteleza kinyumenyume, kama mtu anayevutwa kwa kamba isiyoonekana. Leso yake ilikuwa ikipepea. Kiazi alichokuwa akila kilibaki hewani, kikafikiri kidogo, kikamfuata. Mama akasimama kando ya ndoo nyekundu.

"Jamani!" akasema. "Si nilikuwa wa kwanza?"

Huyu alikuwa Mama Mghoi, mwenye ndoo.

"Nimekata mkonge majimbo yote haya," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Kila nikihama kufuata kazi, nakuta sheria mpya. Huku wanataka nimalize mwaka, kule wanataka barua ya chifu niliyemwacha huku. Mvi hizi zote unazoziona, na sijawahi kutumbukiza kura hata moja. Leo nikasema, nitaweka ndoo kabla ya kila mtu. Leo, mwanangu! Sasa ni nani aliyenitoa?"

"Nadhani ni upepo, Mama," nikasema kwa heshima zote.

Ndoo ikanitazama. 

"Wewe kijana una roho nzuri," Mama Mghoi akasema. "Mungu akuweke. Nisaidie nirudi mbele."

Niliinamisha kichwa kama askofu anayepokea sadaka.

Hatujapiga hata hatua moja, Muhuri akatuzuia. Huyu ndiye alikuwa mkubwa wa jimbo la mkiani. Alikuwa muhuri wa mpira mwenye urefu wa mlango, na kila alipomaliza sentensi aliruka akajigonga chini.

"Kitambulisho!" Pu!

Mama Mghoi akakitoa. Muhuri akakitazama, akamtazama mama, akakitazama tena.

"Katika jimbo hili mpiga kura lazima afanane na picha yake. Picha imenuna. Huyu anacheka. Si mtu mmoja." Pu!

"Mama, nuna," nikamnong'oneza.

"Ninune vipi, mwanangu, na leo napiga kura?" Akajaribu. Midomo ikashuka kidogo, ikapanda yenyewe.

Hapo wenye foleni wakaanza kurudi, kila mmoja akisimama kando ya jiwe lake au ndoo yake. Wa kwanza alikuwa Bwana Righa, fundi wa baiskeli, mikono imejaa grisi. Alipoelewa shida, akamwinamia Mama Mghoi sikioni.

"Unga umepanda tena," akamwambia.

Mama akanuna papo hapo. Alinuna vizuri sana, hata mimi nikaogopa. Lakini mtu wa nyuma akadakia, "Na sukari pia!" na foleni nzima ikaangua kicheko, naye Mama akacheka kuliko wote.

"Si mtu mmoja!" Pu! Pu!

Bwana Righa akajifuta mikono kwenye suruali. "Hebu tuonyeshe, bosi. Imeandikwa wapi?"

Nikamtazama Muhuri. Nikaona amefupika kidogo.

"Imeandikwa wapi?" akauliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Muhuri akafika kiunoni mwangu.

"Imeandikwa wapi?" foleni yote ikauliza, na hata mawe yakauliza. Muhuri akafupika, akafupika, akawa saizi ya kizibo cha soda. Mtoto akateremka mgongoni, akamwokota, akamweka mfukoni.

Sasa tunarudi mbele. Kutoka mbali kabisa nasikia sanduku likiita, "Saa kumi na moja inakaribia! Tumbo linanguruma!"

"Wacha tukimbie na ndoo," nikasema.

"Huwezi kuruka watu," likasema jiwe moja, la rangi ya kijivu, lenye sauti ya mwalimu wa hesabu. "Utatuomba mmoja mmoja."

"Huyu mama alikuwa wa kwanza," Bwana Righa akaeleza. "Ametupwa nyuma. Apite."

"Akipita, mimi narudi nyuma," ikalalamika kandambili ya kushoto. "Nimekanyagwa tangu asubuhi."

"Sawa. Lakini nafasi yake ikiweza kuhamishwa, ya kwako imefungwa na nini?" Bwana Righa akauliza.

Kandambili ikajitazama. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya.

"Pitisha," ikasema.

Wakaipitisha! Ndoo nyekundu ikaenda mkono kwa mkono, kama watu wanaozima moto, na kila iliposogea Mama Mghoi naye alisogea, amesimama wima, miguu haigusi chini, leso imetanuka nyuma yake. Tukavuka mstari wa chokaa, tukawa jimbo la kiunoni. Jua lilikuwa upande mwingine huko, na watu walitusalimu kwa lugha nyingine, lakini mikono ilikuwa ileile. Walimpa Mama maji. Walimshikia kiazi chake. Mtu aliyetaka kurudi nyumbani kwa kuchoka waliimba jina lake mpaka akaona haya, akabaki.

Mimi nilikuwa nikikimbia kando, nikipiga kifuniko changu kama ngoma. Sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu nikiwa macho.

"Mama, utampigia nani?" nikamuuliza kwa furaha.

Ndoo ikanimwagia maji usoni.

"Ni siri," ikasema.

Tukauvuka mstari wa pili. Naona mlango. Naona meza. Naona sanduku limefungua mdomo. Halafu ikagonga saa kumi na moja, na kituo kikasimama.

Kilisimama kweli. Jengo lote lilinyanyuka juu ya miguu minene ya saruji, likajinyoosha mgongo kama ng'ombe anayeamka, na mabati yakalia. Nilipolitazama vizuri likawa bwalo letu la chakula, kuta zake zimetoka kupakwa rangi ya buluu, bado mbichi.

"Lakini tuko kwenye foleni!" Bwana Righa akapiga kelele. "Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga anapiga kura!"

"Ni kweli kabisa," sanduku likajibu kutoka juu, kwa huzuni. "Sheria inasema mtapiga kura. Haisemi kituo kitakuwa wapi. Kimehamishwa."

Na bwalo likaanza kutembea.

Hakuna aliyetoa amri. Mwanamke mwenye mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka viganja vyake ukutani. Akafuata Bwana Righa. Wakafuata watu wa jimbo la kiunoni, na watu wa mkiani ambao walikuwa wamekimbia kupitia majimbo yote mawili. Nami nikautupa ule mshipi wangu wa heshima, nikabandika mikono yangu miwili kwenye rangi mbichi, nikasukuma.

Bwalo linasukuma. Sisi tunasukuma. Nyuma yangu mtu anahema shingoni mwangu na kusema, "Usiachie, kijana, usiachie!" Visigino vinachimba mitaro. Bwalo linapunguza mwendo. Linasitasita. Linakaa chini, taratibu, kama mtu mzima anayekubali kushindwa na wajukuu.

Mlango ukawa mbele ya ndoo nyekundu.

Mama Mghoi akashuka kutoka hewani. Akajifunga leso vizuri. Akaweka mguu mmoja kizingitini, halafu akageuka, akanitazama mimi kati ya watu wote wale.

"Mwanangu," akasema, "upepo haubebi ndoo iliyojaa maji."

Nikafungua mdomo.

Nikaamka.

Kengele ilikuwa ikilia. Nililala nikitazama dari, kisha nikainua mikono yangu kujifuta uso, na mikono ilikuwa ya buluu. Viganja vyote viwili, hadi kwenye kucha.

Nje kulikuwa na zogo. Mafundi walikuwa wamepaka bwalo rangi jana, na sasa ukuta mzima wa mbele ulikuwa umejaa alama za viganja, vikubwa na vidogo, vingine vyenye grisi. Kimoja kilikuwa cha mtoto anayetambaa. Shuleni kwetu hakuna watoto wanaotambaa.

Mwalimu wa zamu, Mwalimu Mwazighe, alitupanga mstari. "Nyoosheni mikono."

Mikono yote ikanyooshwa. Ya buluu ilikuwa yangu peke yangu.

"Wengine nendeni mkanywe uji," akasema. "Mwakio, baki."

Nikabaki. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba kuhusu usingizi, uwezekano wa ugonjwa wa ngozi, na umuhimu wa huruma katika malezi ya vijana. Mwalimu hakuingoja. Alitazama huku na huku, akatoa mkono wake wa kulia mfukoni, akaufungua kidogo tu. Kiganja kilikuwa cha buluu.

"Umesukuma vizuri," akasema kwa sauti ya chini.

Nilisahau hotuba. "Mwalimu, yule mama alipiga kura?"

"Alipiga. Sanduku lilicheua hadi vioo vikatetemeka." Alikaribia kutabasamu, akajizuia, kwa kuwa alikuwa zamuni. "Lakini hakutaka kuondoka. Amesimama pale mlangoni na ndoo yake anauliza ni nani aliyemtoa mbele. Nimemwahidi kwamba nikiamka nitamtafutia jibu, na nikilala tena nitampelekea."

Nikatazama ukuta. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Niliibeba kwa mikono miwili. Na nilikuwa nikicheka njia nzima."