Mshale wa Rula

Mchora mabango waliyemwita Rula alikuwa na sifa moja ambayo hata waliomchukia hawakuipinga: mstari wake ulinyooka. Ulinyooka mpaka nzi waliotua juu yake walipanga foleni. Ila mstari huo haukutoka hivi hivi. Ulitaka glasi mbili za kutuliza mkono kabla ya kazi, mbili za kuupongeza baada ya kazi, na zile za katikati zilijipitia zenyewe.

Sasa alikuwa na siku kumi na moja bila tone, na mkono ulicheza kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Binti yake, mshona nguo, ndiye pekee aliyebaki kumpa pa kulala. Asubuhi ile alimwekea kadi mezani, kando ya cherehani.

“Baba, mkutano wa wanaoacha pombe ni leo saa kumi. Kadi hii irudi na saini ya mwenyekiti. Isiporudi, godoro lako utalikuta nje.”

“Yaani unanitendea kama mtoto wa shule?”

“Mtoto wa shule harudi amelewa, amebebwa kwenye toroli. Na njia unaijua?”

“Mimi? Kibao cha kuonyesha njia nilikichora kwa mkono huu!”

Kweli alikichora, miaka minne nyuma. Tangu akipigilie ukutani hakuupita tena mtaa ule, asije akadhaniwa anautafuta mkutano.

Katika ukoo wao ni mtu mmoja tu aliyewahi kuutafuta: mdogo wake Rula, dereva wa lori. Na jambo hilo Rula aliligeuza kichekesho cha kuchangamsha baa. “Mdogo wangu alikwenda kuacha pombe,” alizoea kusema, “akarudi ameibeba yote waliyoiacha wenzake!” Watu walicheka mpaka wakamwaga vinywaji. Mwisho wa kisa hakuwaambia: kwamba mke wa mdogo wake, kwa kuona mume amelewa hata mkutanoni, alimfungia mlango, kwamba mvua ilimnyeshea barazani mpaka kukapambazuka, kwamba kifua kilimbana, na wiki ya tatu wakamzika.

Saa kumi kasorobo Rula alifika kwenye kona. Kibao kilikuwa pale pale, na roho ikamtanuka kidogo. Herufi za bluu, hazijachuja: MKUTANO WA KUACHA POMBE, KILA JUMANNE. Chini yake mshale mnene ulielekea kushoto. Akaufuata. Kichochoro kilipinda nyuma ya duka la mbao, kikamfikisha kwenye mlango wa kijani uliokuwa wazi. Harufu ilimpokea kabla ya mtu.

“Karibu mkutanoni!” mama mwenye baa alimpigia kelele, mikono imejaa glasi. Kisha akamtambua. “He! Mchoraji mwenyewe! Njoo nikushike mkono. Wewe ndiye unayeniletea wateja!”

“Mkutano uko wapi, mama?”

“Uko kulia kule, nyuma ya zahanati. Lakini mshale wako unasema ni hapa, mimi nani nibishane na maandishi?” Alicheka hadi bega likatikisika. “Wanakuja wanauliza, ni hapa? Nawaambia kaeni, mwenyekiti yuko njiani. Nimewawekea hadi benchi lao.”

Rula alikumbuka. Waliompa kazi walimwambia kulia. Lakini mshale aliuacha mwisho, na kwa zile glasi za katikati, hadi kufika mwisho mikono yake yote miwili ilikuwa ya kushoto.

“Wengine huondoka,” mama mwenye baa aliendelea, akimimina. “Mmoja tu alinisumbua. Dereva wa lori, ana pengo hapa mbele. Aliuliza mara tatu. Nilipomwambia labda kibao kimekosea, akakasirika. Akasema, kaka yangu ndiye aliyechora, hajawahi kukosea mstari. Akakaa kungoja. Sasa mtu anangoja saa mbili na koo kavu? Haya, hii ya kwanza ni bure, asante yangu.”

Glasi ilisimama mbele ya Rula. Povu lilikuwa bado linapanda. Aliitazama, kisha akalitazama benchi, ubao wake umeng'aa kwa kukaliwa. Alitoka bila kuaga, na nyuma yake akasikia, “Amekuwa na maringo, huyu!”

Alifika nyuma ya zahanati mkutano ukikaribia kufungwa. Viti vilikuwa ishirini, watu wanne. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu, alimtilia saini bila maneno mengi.

“Tumezoea uchache,” alisema. “Watu hawataki kuacha.”

“Mmewahi kukitazama kibao chenu?”

“Cha nini? Sisi tunaingilia geti la zahanati.”

Rula akawaeleza. Alieleza kuhusu mshale, benchi na pengo la mdogo wake. Alipomaliza hakuna aliyemfariji. Mmoja wao alianza kukunja viti, akivigonganisha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani binti aliigeuza kadi mbele na nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule.

“Angalau wewe umerudi wima. Si kama baba mdogo, aliyerudi ameibeba yote waliyoiacha wenzake!”

Alikisema kichekesho vizuri, na kituo mahali pake, kama alivyofundishwa. Akangoja baba yake acheke.

“Hakufika,” Rula alisema. “Mshale wangu ulimpeleka baa.”

Binti aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

“Na mama mdogo miaka yote hii anaamini alimfungia mlango mlevi asiyetaka kupona.”

“Ndiyo.”

“Kadi nimeiona, godoro liko ndani, ahadi ni ahadi. Lakini kesho unakwenda kumwambia. Peke yako, baba. Na uende hivyo hivyo, mkavu.”

Rula alichungulia chumbani. Godoro lilikuwa limetandikwa, shuka imenyooshwa bila kunjo hata moja. Akatamani angelikuta nje.