Machicha ya Matanga ya Gervas

Mume wangu Gervas aliwapa kondoo vyeo. Jike mwenye kichwa cheusi, aliyependa kutangulia wenzake kutoka zizini, alimwita Mwenyekiti. Aliyelia kila mara bila sababu alikuwa Diwani. Mwingine, mnene, mpole, asiyejishughulisha na jambo lolote, alikuwa Afisa Mifugo. Siku afisa mifugo mwenyewe alipokuja kuchanja na kulisikia jina hilo, alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Hapa Issuna wengi hufuga ng'ombe na mbuzi, kondoo ni wa kuchanganya tu. Sisi tulifuga kondoo. Gervas alisema mbuzi ni mnyama wa kubishana naye, na yeye hana muda wa kubishana.

Alifariki kwa kifua, mvua za kwanza zilipoanza. Majike wote wakubwa walikuwa na mimba za dume jekundu ambalo alilifuata mwenyewe kwa miguu ng'ambo ya Ikungi, akarudi nalo usiku wa manane amelifunga shingoni kwa kanga yangu mpya. Tuligombana kwa ajili ya ile kanga. Hakuwahi kumwona hata mtoto mmoja wa dume lile. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba nilikuwa na haja moja tu: watoto wale wazaliwe salama, na wazaliwe na kukulia hapa hapa kwake.

Shemeji yangu Noel, mdogo wake Gervas, alikuwa na mpango mwingine. Noel ni fundi ujenzi Manyoni. Ni mtu wa huruma, siwezi kumsingizia. Baada ya mazishi alikuja akachutama mbele yangu.

"Shemeji, matanga yakishaanuliwa nitaleta gari niwachukue kondoo. Kule kwangu nina nafasi. Wewe pumzika, mlee mwanao Hana. Kondoo wakianza kuzaa si kazi ya mtu mmoja, tena mwenye simanzi."

Nilimtazama mama mkwe wangu, mama Theodora. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tutaona siku ya kuanua," akaendelea kuchambua mchele.

Sikuwa na la kufanya. Katika ukoo wa mume wangu mjane haingii zizini mpaka matanga yaanuliwe. Husema mikono iliyotoka kumshika marehemu haipokei kinachozaliwa, na kwamba kikipokelewa nayo hakitasimama. Mama mwenyewe alikaa hivyo alipofiwa na baba mkwe. Ng'ombe wake walizaa nje naye akiwasikia kutoka ndani. Basi nami nilikaa. Noel ndiye aliyewapeleka malishoni na kuwarudisha, nami nikawafuata kwa masikio. Nilijua wametoka zizini kwa kelele za Diwani. Nilijua wamerudi kunywa maji kwa kelele zile zile.

Siku moja kabla ya kuanua, wanawake wa ukoo walichuja pombe ya mtama ya wageni. Nyumba ilijaa harufu ya kimea, na vicheko vya chini chini vya watu wanaokumbuka kwamba wako msibani. Mchana ulipopinduka niligundua kwamba sijamsikia Diwani. Nilinyamaza nikasikiliza. Zizi lilikuwa kimya kama halina kitu.

Mara Noel akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, samahani. Hivi kondoo wenu huwa wanalewa?"

"Walewe nini?"

"Machicha." Aliikunja ile kofia. "Majani bado mafupi, nikaona akina mama wameyalundika machicha nyuma ya jiko. Nikasema hawa wana mimba, acha washibe. Nguruwe wangu Manyoni wanakula machicha mpaka wanaimba."

"Umewapa kiasi gani?"

"Yote."

Marietha, jirani yetu, akashika kichwa. "Yesu wangu! Machicha ya pombe ya ukoo mzima?"

"Diwani anatembea kama bwana harusi aliyezidiwa," Noel akasema, na hakuna aliyecheka, hata yeye. "Na Mwenyekiti amelala. Tumbo limejaa kama ngoma. Halafu nyuma kuna kitu kinatoka."

Gervas naye alikuwa akiwapa machicha, lakini yaliyokaushwa juani, kidogo tu, akiyachanganya na pumba. Machicha mabichi huendelea kuumuka tumboni. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Kisha nikakumbuka, nikakaa tena, nikamtazama mama.

"Mama, ingia wewe," Noel akamwambia. "Mimi kuzalisha sijui, nitamuua."

Mama Theodora aliinua mikono yake tuione. Vidole vyake vilipinda miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa wa viungo. Hata kifungo hafungi. "Kwa mikono hii?"

Kila mtu pale alijua mkono wa kufanya kazi ile ni upi. Gervas alikuwa akiwaambia wageni kwamba alinioa kwa sababu nina mkono mwembamba kama wa mwizi wa asali. Ni yeye aliyenifundisha, mwaka baada ya mwaka, yeye akishika kichwa cha kondoo, mimi nikiwa nyuma.

Mama akatoka. Tulimsikia akichota maji mtungini. Kisha akaita kwa sauti ya kuita watu shambani: "Mama Hana! Njoo hapa!"

Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa zizi na beseni la maji. Wanawake wote wakatufuata. Shangazi yake Gervas, aliyetoka mbali kuja kumlilia, akapita mbele.

"Wifi, unafanya nini? Wazee wanakuja kesho!"

"Wakija watakuta nimeanza."

"Kondoo watakufa!"

"Wameshaanza kufa, wifi. Shika hii kata."

Shangazi akajikuta ameishika. Mama akaniinamisha, akaninawisha mpaka juu ya viwiko, akanifungua kaniki nyeusi ya msiba begani, akaitundika kwenye mti wa zizi. Alisema polepole ili wote wasikie.

"Aliyekuketisha kwenye mkeka ni mimi. Anayekuinua ni mimi. Gervas nilimzaa mimi. Akiwa na neno ataniambia mimi. Haya, ingia."

Nikaingia.

Wengine walikuwa wamelala, wengine wamesimama wamepanua miguu, vichwa chini, wakisaga meno. Nilisikia sauti yangu ikitoa amri kama ya Gervas. Maji yote yaondolewe. Magadi yaletwe, yayeyushwe. Mafuta ya alizeti, dumu zima. Chupa ya soda. Nilimwonyesha Noel jinsi ya kuingiza mdomo wa chupa pembeni ya shavu na kumimina kidogo kidogo ili yasiingie mapafuni. Na anayeweza kusimama atembezwe, asiachwe alale.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba wanawake waliokuja kumlilia mume wangu wakawa wanazunguka uwanja wa nyumba yake, kila mmoja na kondoo wake mlevi. Marietha alipewa Diwani.

"Tembea, mheshimiwa!" alimfokea. "Kura umeomba mwenyewe!"

"Huyu wangu ananiegemea," mwingine akalalamika.

"Mwache akuegemee, kwani mumeo akirudi kilabuni unamfanyaje?"

Walicheka wazi sasa. Halafu mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo ili wapate mwendo, wakazunguka wakiimba, na kondoo wakaanza kutoa gesi na mikojo na kila kitu.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya Mwenyekiti. Kichwa cha mtoto kilikuwa nje, ulimi umevimba, na mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa umebaki nyuma. Mama yake hakuwa na nguvu ya kusukuma, macho yalimlegea. Nilipaka mkono mafuta ya alizeti. Nilingoja uchungu upite, nikakirudisha kichwa ndani taratibu, nikafuata bega, nikafuata goti. Kwato nikaifunika kwa kiganja changu isimchane. Mama Theodora alikuwa amekaa chini, kichwa cha kondoo mapajani mwake, akimsemesha Kinyaturu kama anavyowasemesha wajukuu wakiwa na homa.

Mguu ukaja. Nilivuta kuelekea chini, kama nilivyofundishwa, na mtoto akateleza mikononi mwangu, mwekundu kama baba yake, kichwa cheusi kama cha mama. Hakupumua. Nilimfuta pua, nikaingiza jani la nyasi puani, nikalizungusha. Hakuna. Nikalizungusha tena. Akapiga chafya.

Mwenyekiti hakugeuka hata kumtazama. Pombe ilimtoa akili ya uzazi. Mama akaagiza chumvi, akamnyunyizia mtoto mgongoni kwa vile vidole vyake vilivyopinda, tukamsogeza mpaka kwenye mdomo wa mama yake. Alinusa. Alikaa kama anayewaza. Kisha ulimi ukatoka, akaramba chumvi, na baada ya chumvi akaendelea kuramba, na mlio ule wa chini wa kondoo anayemwita mwanawe ukamtoka kooni.

Nilipoinua macho, kuimba kulikuwa kumekoma. Wanawake wote walikuwa wamejipanga kwenye boma la miiba, kila mmoja na kondoo wake, wakimtazama yule mtoto. Shangazi alikuwa mbele, bado ameshika kata. Nilijua wanangoja nini. Nami nilikuwa nangoja hicho hicho.

Mtoto aliinua makalio, akaangukia pua. Akajaribu tena, miguu ya mbele ikaachana, akaanguka ubavu. Akapumzika. Nilitaka kumshika nimnyanyue, mama akanizuia mkono. "Mwache." Akaanza upya, nyuma kwanza, kisha goti moja la mbele, kisha la pili, akitetemeka mwili mzima. Akasimama. Akapiga hatua kuelekea kiweleni kama mtu anayejua anakokwenda.

Msibani hakupigwi vigelegele. Mimi sijawahi kusikia. Lakini kigelegele kilipigwa, kirefu, chembamba, nami nikageuka kuona ni nani asiye na adabu. Alikuwa mama Theodora, amekaa chini kwenye mavi ya kondoo, machozi yakimtiririka, mdomo wazi. Kisha Marietha akaitikia, kisha wote. Shangazi akawa wa mwisho, ila alipoanza alikuwa na sauti kuliko wote.

Afisa Mifugo hakupona. Alikufa na mimba yake, kimya kama alivyoishi. Noel alimchimbia shimo peke yake, hakutaka mtu amsaidie, na alilia huko shimoni kwa sauti ambayo hakulia nayo makaburini. Nadhani alikuwa akimlilia kaka yake.

Kesho yake wazee walikuja. Tulinyolewa, pombe ikanywewa. Mzee Mughwai, baba yake mkubwa Gervas, ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa ameshasikia kila kitu njiani. Aligusia jambo hilo kwa mbali, akauliza kama ni kweli kwamba mjane aliinuliwa kabla ya siku.

"Ni kweli," mama akasema. "Na mtoto amesimama. Nenda ukamwone."

Mzee akakohoa. Akamgeukia Noel. "Haya. Gari la kuwachukua kondoo linakuja lini?"

"Baba, gari haliji," Noel akajibu. "Mimi kule nguruwe wangu ni wa kuimba. Hawa wananijua kwa ubaya."

Kikao kilicheka. Mzee Mughwai alingoja kicheko kiishe.

"Sasa kondoo watakuwa chini ya nani? Theodora, sema."

Mama alikuwa akitafuna kipande cha ugali. Alikitafuna mpaka kikaisha. "Mwenyewe amekaa hapo. Muulizeni yeye. Mdomo anao."

Wote wakanigeukia. Katika kikao kama kile sikuwahi kusema zaidi ya shikamoo. Nikiwa na kichwa kilichonyolewa, nilihisi upepo mpaka utosini. Nilitaka kusema maneno mazuri juu ya Gervas, juu ya dume jekundu na mwendo wa kutoka ng'ambo ya Ikungi. Lakini wakati ule ule Diwani akalia kutoka zizini, si kile kilio chake cha kila siku bali kilio kifupi, cha kukata.

"Watakuwa chini yangu, baba," nilisema. "Na huyo anayelia ameanza uchungu. Naomba ruhusa niende."

Mzee Mughwai alinitazama kidogo. "Ruhusa ya nini tena?" akasema. "Nenda, mama. Nenda."

Nilikunja mikono ya gauni nikitembea. Nyuma yangu nilisikia viti vikisogezwa, kimoja, kisha vingine, na fimbo za wazee zikigonga ardhi. Walikuwa wanakuja wote kuangalia. Nilipopiga magoti walikuwa wamefika, wamejazana mlangoni mwa zizi, vivuli vyao vikinilalia mikononi, na mama Theodora akiwapitia katikati kwa viwiko.

"Pisheni," alikuwa akiwaambia. "Pisheni, msimzibie mwanga."