Sauti Moja ya Kike, Hali Nzuri

Jumatatu ile kituo kilipohamishwa kutoka tisini na moja nukta saba kwenda mia moja na nne nukta mbili, wafanyakazi waliambiwa wapumzike nyumbani hadi mchana. Bi Asubuhi alikuwa ametangaza kipindi cha alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, na jina alilipatia humo. Alitumia mapumziko yake kumimina chai vikombe vitatu na kutia sukari kimoja tu. Mama yake alikuwa na kisukari, na yeye mwenyewe alikuwa anajinyima kwa ajili ya kiuno. Kilichobaki kilikuwa cha mumewe, mshona nguo, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa ahadi.

Akamsogelea mama, akamwambia, "Shikamoo, mama." Midomo ilicheza vizuri tu, lakini sauti haikutoka kinywani. Ilitoka kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati la vyombo.

"Marahaba, mwanangu," mama akaijibu redio. Ulikuwa mwaka wake wa sita haoni. "Leo umewahi kazini."

Mume aliitazama redio, akamtazama mkewe, kisha akavuta kikombe chake. "Punguza sauti," alisema. "Majirani wamelala."

Redio yenyewe ilikuwa ya mama. Mkwewe alikuwa amechomeka pini ya kushonea pembeni mwa kitufe, ili mkono wa mama ukipapasa uikute tisini na moja nukta saba bila kumuuliza mtu. Bi Asubuhi akajaribu kuita, akajaribu kuimba, akakohoa. Kikohozi nacho kikatokea kabatini. Basi akavaa, akatia redio ndogo ya betri kwenye mkoba, maana mtu hawezi kwenda kulalamika ofisini bila sauti.

Kundi lile la redio lilikuwa na vituo saba na mkurugenzi mmoja aliyeitwa Mkakati, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alihamisha vituo kama mwenye nyumba anavyohamisha makochi: akiamka vibaya, kimoja kinakwenda dirishani. Miaka miwili nyuma alibadilisha masafa ya kituo cha dini na cha michezo bila kuaga mtu, na wazee wa watu wakapiga magoti alfajiri wakajikuta wanaombea kona. Wengine walisema dua zao zilijibiwa.

Fundi mitambo, mtu mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpokea Bi Asubuhi mlangoni. "Dada, nimekusikia njia nzima," alisema. "Yule wa pikipiki umemweza. Njoo uone fomu."

Fomu ya kuhamisha kituo ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa wafanyakazi, na hao huhama na kituo. Wa pili ulikuwa wa vifaa, na hivyo hubaki na masafa chini ya mnara wake. Fundi aliifuata fomu neno kwa neno, ndivyo alivyofundishwa. Jina la Bi Asubuhi halikuwemo kwenye ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili, kati ya feni ya mezani na viti vya plastiki vinne, paliandikwa: sauti ya kike, ya asubuhi, moja, namba 0417.

Hapo akakumbuka. Mwaka alioanza kazi, makao makuu yalikuwa yamepiga marufuku kuajiri, lakini kununua vifaa kulikuwa ruksa. Bosi wa wakati ule akamwambia, "Tukuingize huku kwa muda, binti yangu, tutarekebisha." Akacheka, akasaini. Hata kibandiko cha 0417 alikuwa akikiona miaka yote chini ya kikombe chake cha kazini. Alidhani ni cha kikombe.

"Kwa hiyo mimi na feni ni mtu na dada yake?" mkoba wake uliuliza.

"Feni ina dhamana ya miaka miwili," alisema fundi. "Wewe huna."

Mkakati alimkaribisha kiti. Mezani kwake palikuwa na redio, na kila Bi Asubuhi alipofungua mdomo bosi aliitazama hiyo redio badala ya kumtazama yeye.

"Hukuachwa, umebaki," alimwambia. "Kubaki ni heshima."

"Basi nipeleke ukurasa wa kwanza, bosi. Nimetangaza miaka kumi na mmoja."

"Kifaa hakipandishwi cheo, mama. Leo nikikupandisha wewe, kesho feni itadai likizo." Akaandika kitu kwenye karatasi. "Halafu, mbona unasikika vizuri hivi? Endelea na maisha yako tu. Nina mkakati."

Wiki haikuisha, masafa yasiyo na kituo yakawa na wasikilizaji kuliko vituo vyote saba. Mji mzima uliamka naye, ukapika naye, ukabishana naye bei ya nyanya. Wauza mboga walimsikia akiwa bado mtaa wa pili, wakapandisha bei mapema. Na Mkakati akauza matangazo. Kila Bi Asubuhi aliposhusha pumzi, liliingia godoro: godoro laini, godoro gumu, godoro lisilomsaliti mgongo mwenyewe.

"Jana umesema suruali ya mwalimu nimeiunguza," mumewe alilalamika. "Mwalimu kaja hapa na redio mkononi."

"Kwani hukuiunguza?"

"Nimeiunguza, ndiyo. Lakini niliiunguza kwa siri."

Umbea haukumuuma sana Bi Asubuhi, kwani mtangazaji hana siri. Kilichomchoma ni mama. Kila alasiri alikuwa na mazoea ya kukaa ukingoni mwa kitanda na kumnong'oneza mama sikioni mambo ya siku nzima, nani kaoa, nani kakonda, na mama alicheka hadi kitanda kikalia. Sasa hata mnong'ono ulitoka kabatini, na katikati yake likaingia godoro. Mama aliacha kucheka. "Unaongea na watu wengi, mwanangu," alisema. "Niambie mimi peke yangu." Siku hiyo Bi Asubuhi alilia, na kilio kikadhaminiwa na kampuni ya magodoro.

Fundi mitambo ndiye aliyemletea dawa. Alikuja nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaweka kidole mdomoni kumwonya asiisome kwa sauti. Aliandika hivi: Kanuni ya stoo, kifungu cha tisa. Kifaa kikikaa siku kumi na nne bila kutoa sauti, kinaandikwa kibovu. Kibovu hufutwa kwenye orodha na aliyekuwa akikitumia anaruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Bi Asubuhi aliisoma mara mbili, akapiga moyo konde. Kuanzia hapo hakusema neno.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kweli, mji ulikosa raha. Watu walichelewa kuamka. Wenye magodoro walipiga simu. Bi Asubuhi alinunua nyanya kwa vidole, akamgombeza mumewe kwa macho, na aliposhikwa na chafya alijifunika mto. Kila jioni fundi aliandika kwenye daftari la stoo: hakuna sauti. Siku ya tano, ya sita, ya tisa. Mwandiko wake ulizidi kuwa mzuri.

Mama aliambiwa ni mafua. Alingoja siku kumi, mkono wake ukiwa kwenye pini, redio ikikoroma. Siku ya kumi na moja alifunga mdomo kijiko kilipofika.

"Huyu anayenilisha ni nani?" aliuliza. "Sili mkononi mwa mtu asiyejitaja."

"Ni mwanao, mama," mkwewe akasema.

"Wewe ulisema gauni langu litakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ya mwaka gani?"

Bi Asubuhi aliuchukua mkono wa mama, akauweka shavuni mwake. Mama akaupapasa uso, akautoa mkono. "Shavu kila mtu analo," alisema. "Mwanangu ana sauti. Semeni tu kama amekufa, mimi si mtoto."

Siku ya kumi na mbili hakula. Mtu wa kisukari asiyekula si mtu wa kungojewa, na siku ya kumi na tatu, mchana, alikuwa akitokwa jasho na maneno yake yakianza kuparaganyika. Mume alisimama mlangoni na futi yake ya kitambaa shingoni. Ilibaki siku moja na kipande. Bi Asubuhi aliihesabu, akamtazama mama, akafungua mdomo.

"Ni mimi, mama," redio ikasema kabatini. "Shikamoo. Kula."

"Marahaba," mama akajibu, akafungua kinywa. Godoro likaingia.

Mji mzima ulisikia, kwa hiyo fundi hakuwa na namna ya kuficha. Alikaa na daftari mapajani mpaka giza likaingia. Kisha akaandika: kifaa kinafanya kazi.

Kuanza upya kulishindikana, kwa kuwa mama sasa alikula kwa masharti: salamu kwanza, kijiko baadaye. Mkakati, kwa upande wake, alikuwa mbinguni. Siku kumi na tatu za kimya na maneno matano yalikuwa yamevuta wasikilizaji ambao hakuwahi kuwaota, na bidhaa ikifikia hapo, huuzwa. Akayauza masafa kwa kampuni ya mji mwingine, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mnara ulifunguliwa nati kwa nati, ukapakiwa kwenye lori pamoja na kila kilichokuwa ukurasa wa pili. Mnunuzi alipitia orodha kwa kalamu: feni ya mezani, imevunjika bawa moja. Sauti ya kike, ya asubuhi, moja, hali nzuri. Viti vya plastiki vinne, kimoja hakipo.

Bi Asubuhi alibaki nyumbani. Lori halikumhitaji.

Redio ya kabatini inakoroma hadi leo, na mama haruhusu mtu aiguse pini. Kuhusu chakula alipata njia yake. Kila asubuhi hunyoosha vidole, akaviweka kwenye midomo ya bintiye, na hapokei kijiko mpaka aisikie midomo ikicheza. Shikamoo ina mwendo wake, anasema, na mtu wa kulipwa hawezi kuiigiza. Kwa hiyo Bi Asubuhi hutamka kila siku, na kwenye daftari la stoo ya huko mbali mtu asiyemjua huandika kila siku kwamba kifaa kinafanya kazi.

Fundi mitambo alikwenda huko kufunga mnara na akarudi na habari. Watu wa mji ule, alisema, wanampenda sana. Hasa vikongwe. Saa kumi na mbili kamili wanakaa na redio zao mapajani, na sauti ikisema, "Shikamoo, mama," wanaitikia nyumba hadi nyumba, "Marahaba, mwanangu," hata wale ambao hawakuwahi kuzaa.

Kisha linaingia godoro. Mama husubiri midomo itulie chini ya vidole vyake, halafu hufungua kinywa.