Mirathi ya Taya la Juu

Nyumbani kwetu fuvu la plastiki liliitwa Mgeni. Nililiazima chuoni, likakaa juu ya kabati la vyombo, na kila tulipokula Bibi alilifunika kitambaa, eti si adabu kutafuna mbele ya mtu ambaye hukumkaribisha. Mjomba akipita alilisalimia. Shangazi alilipangusa vumbi huku akilisengenya. Mimi peke yangu ndiye niliyelichukia, na nilikuwa na haki.

Nasomea udaktari wa meno. Au tuseme nilikuwa mbioni kufukuzwa, maana mtihani wa ana kwa ana wa taya la juu nilishaanguka mara moja, na chuoni kwetu ukianguka mara ya pili unafungasha virago. Ukifaulu unaingia darasa la meno bandia, ambako kila mwanafunzi anamtengenezea mgonjwa wake wa kwanza seti nzima ya meno ya juu. Mgonjwa wangu nilishamchagua bila kumwambia. Ni Bibi. Zamani Bibi akicheka, jirani alikuwa anagonga ukuta. Tangu meno yake ya juu yaishe, mdomo umeingia ndani, na kicheko kikimjia anakiziba kwa mtandio, mabega yanatikisika tu, sauti hamna. Jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko mtihani wenyewe.

Na tatizo langu wala halikuwa mifupa. Mifupa naijua. Tatizo ni wale mabwana wa zamani waliopita kinywani mwa watu wakaacha majina yao kila pembe, kama vijana wanaoandika kwenye kuta za choo. Pango la Highmore, mfereji wa mate wa Stensen, kinundu cha Carabelli. Mtahini wetu, tuliyempachika jina la Profesa Koleo kwa kuwa akikushika na swali hakuachii mpaka ling'oke, alitaka majina yote mawili: jina la kitu, na jina la mtu aliyepewa kitu. Mara ya kwanza nilimpa Stensen pango, Highmore nikampa mate. Profesa akavua miwani, akaifuta, akasema, "Binti, umewahamisha watu nyumba bila ridhaa yao."

Basi mchana mmoja baada ya chakula nikawa nakariri kwa sauti pale sebuleni, Bibi akaacha kushona kifungo chake.

"Huyo Highmore ndiye nani?"

"Daktari wa zamani sana, Bibi. Alilieleza pango lililo ndani ya mfupa wa taya, hapa nyuma ya shavu, juu ya magego."

"Kwa hiyo hapa," Bibi akaligusa shavu lake, "ndani ya uso wangu mimi, pana chumba cha mwanamume nisiyemjua?"

"Kila mtu anacho. Viwili, kulia na kushoto."

"Viwili! Na hodi hakupiga!"

Mjomba akavunjika mbavu. Bibi hakucheka. Akasimama, akamwondolea Mgeni kitambaa, akamtazama usoni. "Atoke," akasema. "Wote watoke. Kichwa hiki kimo nyumbani mwangu, wenye nyumba wapate kwanza. Ila hatumfukuzi mtu kimya kimya. Anayeingia amuage anayetoka, kwa jina lake, kistaarabu."

Mungu wangu! Taya likagawanywa kama shamba la marehemu, na kelele zilikuwa zile zile.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Shangazi. Shangazi ni dada yake baba, alikuja kututembelea akasahau kuondoka, na pua yake imeziba tangu nimjue. "Chumba kikubwa changu," akasema kwa sauti ya puani.

"Ala! Umekuja juzi na begi moja, leo unataka chumba kikubwa?" Mjomba akamaka.

"Wewe kinakuuma?"

Mjomba akanywea. Nikawaeleza kwamba hilo pango lina mlango mmoja tu wa kutokea puani, na mlango wenyewe umewekwa juu kabisa.

"Ndiyo maana!" Shangazi akapiga kofi. "Fundi gani huyo anaweka mlango karibu na dari? Maji yakijaa yatapita wapi?" Akalisogelea fuvu, akalipungia mkono. "Bwana Highmore, kwaheri. Chumba chako kina unyevu."

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na mate humjaa mdomoni akisikia tu sufuria inafunuliwa. Nikampa mfereji wa Stensen, ule unaoleta mate kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio na kutokea ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu.

"Yaani yeye chumba, mimi mtaro?"

"Mtaro unafanya kazi kuliko chumba," Mama akamwambia. "Pokea, usitupotezee muda."

Mjomba akamuaga Stensen huku amenuna, akamwambia asiwe na wasiwasi, mtaro hautakauka.

Zamu ya Mama ilipofika nilimwambia apitishe ulimi upande wa ndani wa gego la kwanza la juu, aone kama kuna kinundu. Akapitisha. Akapitisha tena. "Kumbe hiki? Miaka yote nilidhani jino langu lina kasoro."

"Nami ninacho, Mama. Umenirithisha."

Nilivyomwona anafurahi, nikajilaumu kwa kutomwambia mapema. Carabelli alifurushwa bila huruma, akaambiwa abebe na mizigo yake.

"Na wewe, Bibi?" nikauliza.

Bibi akavuta mtandio mdomoni. "Mimi niandikiwe nini? Humu hamna jino, hamna kitu. Gawaneni ninyi wenye meno." Akaingia chumbani kukunja nguo ambazo zilishakunjwa. Mjomba akakohoa, Mama akaanza kukusanya vyombo, na mchezo ukaishia hapo.

Siku ya mtihani niliingia roho mkononi. Chumba kidogo, feni inakwaruza, meza ina kitambaa cha kijani, juu yake taya la juu la mtu wa kweli, halina hata chembe ya plastiki. Profesa Koleo alinikaribisha kiti, akachukua penseli, akaiingiza taratibu ndani ya uwazi wa mfupa.

"Hapa ni wapi?"

Mdomo wangu haukunisubiri. "Chumba cha Shangazi."

Feni ikaendelea kukwaruza.

"Cha nani?"

"Samahani, Profesa. Pango la maksila, mfupa wa taya la juu."

"Na mtu?"

Hamna. Kichwa cheupe. Nikaiona kesho yangu imefungwa kwenye sanduku iko kituoni. Nikafumba macho, na huko gizani nikamwona Shangazi amesimama mbele ya kabati la vyombo, anapunga mkono.

"Highmore!" nikapayuka. "Alifukuzwa kwa sababu ya unyevu."

Profesa akaweka penseli chini. "Unyevu. Hebu nieleze."

Nilishaharibu, nikaona heri nizame mzima mzima. Nikamweleza kuhusu mlango ulio karibu na dari, kwamba mtu akisimama maji hayatoki, na kwamba Shangazi yangu akizibwa upande wa kushoto hulala ubavu wa kulia, ndipo mlango unageuka chini na yeye anapata afueni.

"Na mate?"

"Ya Mjomba. Yaani Stensen. Alitoka Stensen, akaingia Mjomba."

"Anakaa wapi Mjomba?"

"Mkabala na gego la pili la juu, Profesa."

Niliona masharubu yake yakicheza. Akaniuliza cha Carabelli, nikamwambia kipo gego la kwanza, upande wa kaakaa, na akitaka kukiona cha Mama yangu basi atazame changu. Hakutaka. Akaligeuza lile taya, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wenye vishimo vya meno.

"Na huu? Huu hauna jina la mtu yeyote. Niambie kazi yake, na mwisho wake."

"Ni ukingo wa alveola. Kazi yake ni kushika meno, hauna kazi nyingine. Meno yakiota, nao unaota. Meno yakitoka..." Nikauona mtandio wa Bibi. "Meno yakitoka unajiona hauna maana, unapungua kidogo kidogo, na uso unaingia ndani."

"Nyumbani kwenu ni wa nani?"

"Hauna mwenyewe. Bibi alikataa mgawo. Anasema humo mwake hamna kitu."

"Wewe daktari unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniita daktari. "Nasema kipo. Kimepungua, ila hakijaisha. Na meno bandia husimama juu ya hicho hicho kilichobaki."

"Umekiona?"

"Hajawahi kunifungulia mdomo, Profesa."

Akavaa miwani, akaandika, akaandika tena. "Umefaulu. Nenda kamwombe. Na mtihani wa kuandika, tafadhali, Shangazi asitokee."

Nilifika nyumbani nikiwa nusu ninakimbia. Wote walikuwa sebuleni, Mjomba ana futi ya kupimia shingoni na Mama ameshika kikombe kisicho na kitu. "Nimefaulu!" nikasema, na nyumba ikalipuka. Shangazi alipiga vigelegele vya puani. Nikawapita wote, nikaenda kukaa sakafuni mbele ya Bibi.

"Bibi, kuna sehemu nimekuandikia. Ukingo unaoshika meno. Profesa mwenyewe amesema hauna jina la mtu. Huhitaji kumfukuza yeyote."

"Mmenipa kilichokwisha," akasema ndani ya mtandio.

"Hakijaisha. Nifungulie nikione, nikupimie meno."

Akanitazama. Kisha akawatazama wale wengine.

"Nawatoa nje?" nikamuuliza.

"Waache," akasema. "Si wote wana vyumba humu?"

Akashusha mtandio, ukaanguka miguuni, akafungua mdomo mbele yetu sote. Nikanawa mikono, nikaingiza kidole polepole. Ulikuwepo. Mfupi, lakini mgumu, umezunguka wote kutoka upande huu mpaka upande ule, haujakatika mahali. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono mkavu wa kuyafuta.

"Upo, Bibi," nikamwambia. "Umejaa tele."

Nyuma yangu Mjomba akarefusha shingo. "Na mtaro wangu unaonekana hapo?"

Bibi akacheka. Kidole changu kingali mdomoni, mtandio uko sakafuni, kicheko kikatoka chote, hakikuzibwa na kitu. Jirani akagonga ukuta.