Mgonjwa wa Swali la Arobaini na Moja

Darasa la jioni la kujiandaa na mtihani wa leseni ya uuguzi lilikuwa juu ya duka la fundi viatu, na harufu ya gundi ilipanda mpaka kwenye madaftari. Mwalimu walimwita Futa-Mawili, kwa sababu hicho ndicho alichofundisha: kila swali lina majibu manne, mawili ni ya kipuuzi, yafute kwanza, uhangaike na yaliyobaki. Ukikwama, chagua lililo refu, maana mtunga swali hujitetea kwa maneno mengi. Na jibu la kwanza kukujia usilibadilishe.

"Isipokuwa arobaini na moja," alisema, akijipangusa chaki kwenye suruali. "Hilo mnalijua."

Walilijua. Lilikuja kila mwaka: mwanamume wa miaka arobaini na mitano, ana kisukari, anatetemeka, jasho linamtoka, sukari imeshuka mno. Utafanya nini kwanza? Jibu A lilikuwa kumpa sukari. Jibu C lilikuwa kumchoma insulini, ambayo ingeishusha zaidi mpaka imuue. Mwongozo wa kusahihishia ulisema C.

"Wodini, mpe sukari," alisema Futa-Mawili. "Kwenye karatasi, mchome. Msije mkachanganya, jamani, sina nguvu za kuzika watu wala za kuwafundisha tena."

Mwanamke wa dawati la nyuma hakuandika kitu. Wodini walimwita Sista Bado. Uuguzi alikuwa amesoma akamaliza, ila leseni hana, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kumwaga mabeseni na kutandika vitanda, huku akitumwa na watoto wa juzi. Alikuwa ameshafeli mara tatu. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Akifeli, hata mabeseni angeyaacha.

Mara ya tatu alikosa alama moja tu, na alama yenyewe ndiyo hiyo. Alifika swali la arobaini na moja, mkono ukagoma, akaweka A. Jioni ile ile mgonjwa wa swali hilo akapiga hodi nyumbani alikoishi na dada yake mkubwa.

"Mwanamume wa miaka arobaini na mitano, nina kisukari," alijitambulisha, maana hakuwa na lingine la kujieleza. Alisema hajawahi kulivuka swali lile akiwa hai, hivyo hajui watu wakishavuka huenda wapi.

Dada mkubwa alimtazama viatu. "Vua hapo mlangoni, nimetoka kupiga deki." Kisha akamtandikia kochi.

Akakaa mwaka mzima. Alifua, alichota maji, alikula kwa saa kama inavyompasa mwenye kisukari. Majirani walimwita shemeji, wakimtania Sista Bado kwamba wenzake wakifeli huambulia aibu, yeye kaambulia mume. Wapi! Hakuwa mume. Alimsomea maswali baada ya kazi, na akikosea hakumcheka. Sista Bado alimpenda kama kaka wa tumbo moja.

Aliwahi kwenda ofisi ya baraza la mitihani kuomba jibu lisahihishwe. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba A ndiyo sahihi.

"Lakini tukibadilisha, dada yangu, waliofaulu wote itabidi tuwasahihishe upya. Na baraza zima ni hao hao." Akamkaribisha tena siku nyingine.

Wiki ya mtihani mgonjwa alianza kunyoosha shati. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa, ilibidi awemo.

"Usiende," alisema Sista Bado.

"Nisipoenda patakuwa na nafasi tupu. Watasema mtihani umevuja, mrudie wote."

"Basi mwaka huu naweka C." Alisema akitazama sufuria, si yeye. "Nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka basi."

"Najua. Weka tu. Mwaka mzima niliokaa hapa si haba."

Dada mkubwa, aliyekuwa akichambua mboga, alilia waziwazi bila kuficha uso. Halafu akamfungia mkate wa njiani.

Mlangoni mwa ukumbi msimamizi alizuia simu, na peremende ambazo Sista Bado alikuwa amezitia mfukoni kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa vitu vya kula haviruhusiwi. Akamwonyesha mgonjwa kiti cha ukutani, akagawa karatasi.

Wenye kasi walimfikia mapema. Kila mmoja alipoweka C, mgonjwa alifumba macho, akajikaza kisabuni, akamsubiri anayefuata. Sista Bado alipomfikia, shati lilikuwa chapachapa na midomo ilikuwa ikimcheza. Alilisoma swali lote kwa heshima, neno kwa neno, ingawa alikuwa amelihifadhi.

"Nisamehe, kaka," alisema.

"Kimya," alisema msimamizi.

Akaweka C. Mgonjwa aliegemeza kichwa ukutani taratibu, akatulia. Msimamizi alimfunika kwa karatasi za ziada, kisha akaenda ubaoni kuandika muda uliobaki.

Swali la arobaini na mbili lilihusu kunawa mikono. Hilo alilijua.